Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF): tupeni hukumu nzima

Mheshimiwa Rais Wallace Karia, shikamoo.

Nyumbani kuna jezi nyekundu ya Simba, ya mwanangu wa darasa la sita. Mgongoni iliandikwa CHAMA. Julai 2024, siku watani wetu Yanga walipomtambulisha Clatous Chama, kiungo aliyekuwa wa Simba, mtoto aliivua akaniambia, "Baba, mpelekee fundi akalitoe." Fundi wa Kariakoo akaweka karatasi, akapitisha pasi, akabandua herufi moja moja. Herufi zikatoka, gundi ikabaki. Ukiinyoosha juani bado jina linasomeka.

Mchezaji kuhama simlaumu. Mkataba ukiisha mtu anatafuta riziki. Kinachonikera ni yale ya kabla. Desemba 2023 Simba walitangaza kuwasimamisha Chama na Nassoro Kapama kwa utovu wa nidhamu. Utovu gani? Kijiweni kila mtu alikuwa na wake: huyu anasema kagombana na kocha, yule anaapa kashasaini Jangwani, kwa Yanga. Baadaye Chama akarudi uwanjani, na sisi tukabaki na maneno yetu. Tetesi za usajili hapa kwetu haziletwi na mawakala peke yao. Ninyi wenye habari mkinyamaza, muuza kahawa anageuka msemaji wa klabu.

Sasa lile la Feisal Salum, "Fei Toto", kiungo wa Yanga wakati huo. Mwishoni mwa 2022 aliwaaga Yanga, akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti yao kwamba amevunja mkataba. Wao wakazirudisha. Januari 2023 Kamati yenu ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba mapitio, Machi akagonga mwamba. Huenda Kamati ilikuwa sahihi kabisa, maana mkataba ni mkataba. Lakini kilichotufikia mtaani ni nani kashinda. Kwa nini fedha zile hazikutosha, kipengele kipi kilimbana, hilo tulichambuliwa na watangazaji wa redio, kila mmoja na timu yake moyoni.

Kiungo wa Taifa Stars akakaa nje karibu nusu msimu. Juni, Yanga walipoalikwa Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Rais Samia akawaomba walimalize. Siku chache tu, Fei yuko Azam, na msimu uliofuata akafunga mabao 19 ya ligi. Mheshimiwa, nilifurahi, lakini niliona aibu pia: suala la kiungo na klabu yake limalizwe na Amiri Jeshi Mkuu?

La Bernard Morrison silirudii sana. Alivuka kutoka Yanga kwenda Simba 2020, Yanga wakalipeleka hadi CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi, jibu likatoka Novemba 2021, na 2022 Morrison huyohuyo akarudi Yanga. Unaweza kucheka, ila kesi ilizidi mwaka.

Ombi langu ni hili. Kamati ikishaamua, hukumu nzima iwekwe kwenye tovuti yenu kwa Kiswahili, na sababu zake na vifungu vyake, ndani ya siku saba. FIFA wanachapisha maamuzi yao, na ligi yetu si ndogo tena ya kuogopa kusomwa. Mashauri ya mikataba yawe na ukomo wa siku, mchezaji asizeekee mahakamani. Na klabu ikimsimamisha mtu kwa nidhamu, iwaandikie Bodi ya Ligi kosa ni lipi na adhabu inaisha lini. Kama ni jambo la faragha, iseme hivyohivyo: ni la faragha. Tutaelewa.

Yule fundi wa Kariakoo siku hizi hashiki pasi kabla hajakuuliza, "Mkataba wake unaisha lini?" Msimu huu sikuwa na jibu. Nikamwambia abandike jina la mtoto mwenyewe.

Wako,
Shabiki wa jukwaa la mzunguko, Temeke