Usiwafute Shimeji, uwazuie kuzaliana

Bukavu

Ndugu yangu Bahati,

Salamu nyingi. Nyumbani wote wazima, mengine utayasikia boti likifika Goma. Mama Furaha ameniambia kwamba Shimeji, vile vikatuni vinavyotembea juu ya skrini ya kompyuta, wamejaa kwenye mashini ya sekretaria, pale mnapochapa barua za wateja, na unataka kufuta programu yote. Usifute! Shida ni kuzaliana tu, na dawa yake ni ndogo.

Shimeji akiachwa huru hujigawa wawili, au humng'oa mwenzake kutoka chini kama muhogo, na programu huwaachia hadi wafike karibu 50. Kila mmoja huamua hatua yake na kuchorwa upya kila milisekunde 40, yaani mara 25 kwa sekunde. Wakiwa 50, ni michoro 1,250 kwa sekunde. Kwa mashini ya zamani, ndiyo sababu Word inakwama na feni inalia. Bofya kwa kitufe cha kulia ile ikoni ndogo karibu na saa, chagua abaki mmoja. Kisha ingia kwenye tabia zinazoruhusiwa, uondoe alama ya kuzaliana. Ondoa na ile ya kutupa madirisha: atabeba barua ya mteja na kuirusha nje ya skrini. Ikitokea, faili haijapotea, menyu hiyo hiyo ina amri ya kurudisha madirisha.

Umeme ukikatika mkabaki na betri, mfunge kabisa. Hata akiwa peke yake hawezi kuiacha prosesa ipumzike.

Kuhusu mbuzi ambaye mtoto anataka kumchora awe Shimeji wenu, hilo limenifurahisha sana. Picha ni 46, PNG, pikseli 128 kwa 128, nyuma pasiwe na rangi. Majina ni shime1.png hadi shime46.png, katika folda yake ndani ya folda ya programu iitwayo img. Kosa la herufi moja kwenye jina linatosha mbuzi asitokee. Amchore akitazama kushoto, upande wa kulia programu inageuza yenyewe, na kwato ziguse ukingo wa chini wa picha, la sivyo ataelea hewani. Aanze na kusimama na kutembea.

Mashini ikiwa dhaifu mno, tafuta Neko, yule paka wa miaka ya 1980. Ni wa pikseli 32 kwa 32, anafukuza kishale cha kipanya. Ukikiacha kimetulia anapiga miayo na kulala. Kwa mtu anayechapa kutwa nzima, mimi naona hakuna mwenzi bora.

Lakini narudia: kuzaliana kwanza, leo hii.

Nakala ya Shimeji uliitoa wapi, kwenye kle (flashi ya USB) ya nani? Ilidai Java tu, ile programu inayoiendesha, au ilitaka uweke na vitu vingine? Kama ilidai vingine, umepitisha antivirusi? Mashini ina RAM ngapi? Na mbuzi atakuwa na pembe? Nijibu kabla Mama Furaha hajapanda boti, nimpe kle yenye nakala safi.

Ndugu yako wa Kadutu