Waandishi wa historia wasimwage daftari zima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie waandishi wa makala za historia, ambazo mimi na wanafunzi wangu huzisoma kwa hamu. Ni dhahiri kwamba wamekaa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue na kunakili mengi. Tatizo ni kuwa daftari zima humwagwa ukurasani, hata jambo lenye uzito likafunikwa na yasiyo na uzito.

Chukua mfano wa maandamano ya Machi 1922 hapa Nairobi, baada ya mwanaharakati Harry Thuku kukamatwa na serikali ya kikoloni. Mara nyingi tunasimuliwa kodi, kupunguzwa kwa mishahara, kuuawa kwa mwandamanaji Mary Muthoni Nyanjiru na Thuku kupelekwa uhamishoni Kismayu, huku kipande, yaani kitambulisho cha mfanyakazi cha enzi za ukoloni, kikipewa nusu sentensi. Kwa maoni yangu, kipande ndicho kinachomwonyesha msomaji hasira ile ilikotoka. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ikakunjwa ndani ya kikebe cha bati ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akitoroka, alama zile zile za vidole zilisaidia kumsaka na kumshtaki. Mwandishi akianza na kikebe hicho, akakaa nacho aya mbili, kodi na mishahara vitaeleweka kwa maneno machache baadaye.

Kazi hii huanzia kwenye kunakili. Anayeandika daftarini tu kwamba kipande kilichukiwa hatakuwa na cha kusisitiza atakapoketi kuandika. Anayenakili maneno yenyewe ya shahidi, akayatia alama za mtajo pamoja na namba ya jalada na tarehe, na kuyatenga na maoni yake, atakuwa nacho. Tena kusisitiza si kutia chumvi: iwapo hakuna waraka unaosema kwamba kamba ile ilichubua shingo, mwandishi naye asiseme.

Ninawaomba wahariri wako wamuulize kila mwandishi, kabla ya makala kuchapishwa, ni jambo gani moja katika daftari lake ambalo hangekubali liondolewe, kisha wamtake alipatie nafasi ya kutosha, hata ikibidi mengine yote yapunguzwe.

Mwalimu wa Historia,
Nairobi