Salim, kopo ulilonunua silo

Ngamiani, Tanga

Swahiba yangu Salim,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, na mama nilimpitia Ijumaa baada ya swala, anakusalimu sana.

Barua yako imenifurahisha mpaka pale uliposema kitabu chako cha kujazia risasi kinataja baruti ya H4831, dukani umekuta IMR 4831 tu, na muuzaji kakwambia namba ni moja, chukua. Nimeona nikuandikie leo hii, kabla hujashika mzani tena.

Hizo ni baruti mbili tofauti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon alinunua baruti iliyobaki jeshini Marekani, iliyotengenezwa kwa mizinga ya milimita 20, akawauzia wawindaji. Asili ya H4831 ndiyo hiyo. Kampuni ya DuPont walitoa IMR 4831 yao miaka ya 1970, na hiyo huwaka haraka zaidi. Siku hizi zote mbili zinauzwa na kampuni ya Hodgdon, zinapangwa rafu moja, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Tatizo ni hiyo haraka. Presha ya risasi za bunduki yako ya .270 Winchester mwisho wake ni pauni 65,000 kwa inchi ya mraba. Ukipima H4831 kwa kiwango cha juu kabisa kitabuni, gesi inajaa huku kichwa cha risasi kimeshashika njia ndani ya mtutu. Weka uzito uleule wa IMR, gesi inajaa mapema, kichwa bado kiko karibu na chemba, pale risasi inapokaa, nafasi ni finyu, na presha inavuka mpaka. Tena ukishaukaribia ule mpaka, nyongeza ndogo tu ya baruti huipandisha presha kuliko ulivyotegemea. Usiseme utangoja uone fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, imekuwa bapa, au boliti inayofunga chemba kwa nyuma imegoma kufunguka. Dalili hizo zikitokea, mara nyingi umeshaupita mpaka.

Usidhani ni 4831 peke yake. H4350 na IMR 4350 ni hivyohivyo, na 4895 pia. Halafu H110 na W296, majina hayakaribiani hata kidogo, ni baruti ileile moja! H4831SC nayo ni H4831 yenyewe, punje zimekatwa fupi ili zipite vizuri kwenye kipimio. Kwa hiyo herufi na namba zote zilizo kwenye kopo zisome moja moja, kisha utafute jedwali la vipimo la baruti ya kopo hilohilo.

Wewe ni mtoto wa Tanga, Salim. Umewaona wavuvi wa baruti waliorudi pwani bila viganja. Mwenye bunduki, kinachokaa karibu na boliti ni uso wake.

Hodgdon wanatoa jedwali la IMR 4831 kwa .270. Litafute, angalia uzito wa kichwa unachotumia, anza na kipimo cha chini kabisa walichoandika, panda kidogo kidogo. Na zile risasi ulizokwisha kujaza IMR kwa vipimo vya H4831, usipige hata moja kwa kujaribu. Zifungue zote kwa nyundo ya kung'olea vichwa, na baruti itakayotoka usiichanganye na ya kopo jingine lolote.

Ukishazifungua nitumie ujumbe kwenye simu, hata saa ngapi za usiku.

Wako,
Hamza