Hulipii Herufi 26: Kazi ya Fonti ya Kampuni Yako Inavyokwenda

Mteja mmoja alituandikia hivi karibuni kwamba tunataka kumwibia. Alikuwa amepokea makadirio yetu ya fonti ya kampuni yake, akayagawa kwa herufi 26, kisha akauliza ni herufi gani duniani yenye thamani hiyo, wakati mpwa wake ana programu ya kuchorea na alfabeti yote angeimaliza mwishoni mwa juma. Si wa kwanza. Lalamiko hili linaturudia kwa sura mbalimbali, na mara nyingi linatoka kwa watu waungwana wanaoamini kweli kwamba wanapunjwa. Hatuwalaumu. Mtu huziona herufi, haioni nafasi iliyo kati ya herufi na herufi. Lakini bei hatupunguzi, na sababu zake ni hizi.

Tuanze na hiyo 26. Herufi kubwa na ndogo pamoja ni 52. Ongeza tarakimu, nukta, mikato, mabano, alama za nukuu, alama za fedha na asilimia. Kisha zinakuja herufi zenye alama: ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba, ɓ na ɗ za Kihausa, ŋ na ɔ za Kiewe, é na ç za Kifaransa. Seti ya Kilatini inayotosha kampuni yenye wateja wa lugha kadhaa hupita glifu 300 bila shida (glifu ni kila umbo moja ndani ya fonti: herufi, tarakimu au alama), na sisi tunachora glifu. Hapo hujazidisha kwa uzito: nyembamba, ya kawaida, nzito, na pengine kila moja na mlazo wake, yaani herufi zilizoinama. Kiyoruba kina ẹ́, yaani e yenye nukta chini na alama ya toni juu, ambayo Unicode, orodha ya kimataifa ya misimbo ya herufi, haikuitengea msimbo mmoja. Inaundwa kwa kuunganisha vipande, na kila glifu inayohusika huwekewa nanga, yaani alama ya kushikizia, ndani ya fonti ili alama itue mahali pake. Nanga zisipokuwepo, alama huelea pembeni au hugonga herufi ya jirani, na mwenye jina hilo ataona jina lake limevurugwa kwenye skrini ya kampuni yako.

Hata hivyo kuchora ndiyo sehemu fupi ya kazi. Sisi huanza na n, o, H na O, na tunakaa hapo muda mrefu kuliko mteja anavyopenda. Kuna aliyekasirika kabisa kwamba amelipa malipo ya awali na alichoonyeshwa ni herufi nne. Lakini kutoka kwenye n ndiko zinakotoka h, m, u na r; kutoka kwenye o zinatoka b, d, p, q, c na e. Kasoro ya n ikiachwa ipite, utaikuta kwenye kila mstari wa kila ukurasa. O ikichorwa kwa kimo kilekile cha H, jicho huiona fupi, kwa hiyo tunaiacha ivuke kidogo mstari wa juu na wa chini. Mstari wa kulala wa E ukipewa unene sawa na ule wa kusimama, huonekana mnene kuliko mwenzake, kwa hiyo unapunguzwa. Programu hupima kwa namba na itakuambia kila kitu kiko sawa. Jicho ndilo linalokataa, na jicho hilo limefundishwa kwa miaka.

Baada ya hapo zinakuja nafasi. Kila glifu ina nafasi yake ya kushoto na ya kulia, ndani ya kipimo ambacho kwa kawaida hugawanywa uniti 1000. Tunaandika nnonn, HHOHH, tunatazama kwa karibu, tunarudi nyuma, tunaongeza uniti mbili, tunaandika upya. Nafasi zikishakaa, tunaingia kwenye kurekebisha jozi za herufi: AV, To, Ya, zile zinazoacha pengo hata nafasi za kila herufi zikiwa sahihi.

Kwenye jozi ndipo fonti nyingi za dukani huwaangusha wasomaji wa Kiswahili. Zimejaribiwa kwa maandishi ya Kiingereza, na Kiingereza hukutanisha k na w kwa nadra. Sisi hatumalizi aya bila kwa, kwamba, kwenye na kwake. Mikono ya k imefunguka upande wa kulia, w inaanza na mshazari, na zikikaa pamoja bila kurekebishwa huacha tundu katikati ya neno. Vivyo hivyo vy katika vyema na vyombo. Halafu kuna ng'. Tulipokea kazi ya programu ya kusoma habari iliyokuwa imenunua fonti kwa bei ya kutupa. Ile g ilikuwa ya ghorofa mbili, yenye kisikio juu, na kila palipoandikwa ng'ombe au ng'ambo, ritifaa iliparamia kisikio. Mhariri wao alikuwa ameanza kukwepa maneno yenye ng' kwenye vichwa vya habari. Tulipolifungua faili hatukukuta jozi hata moja yenye ritifaa. Na ritifaa ziko mbili, iliyonyooka na iliyopinda, kwa sababu kibodi moja hutoa hii na nyingine ile, hivyo jozi zote hufanywa mara mbili. Tunajaribu kwa maandishi halisi ya lugha ambazo wateja wako watasoma, tena marefu. Hilo linakula muda, na muda huo umo kwenye bei.

Sasa skrini. Verdana, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, ilichorwa na Matthew Carter kwa kuanzia kwenye pikseli zenyewe, kisha ndipo mistari ya nje ikafuata. Tom Rickner akaandika maelekezo ya kuzielekeza pikseli hizo katika saizi ndogo. Siku hizi skrini za simu zina pikseli nyingi mno, na vifaa vya Apple karibu havisomi maelekezo hayo kabisa. Lakini kompyuta nyingi za Windows zenye skrini za kawaida bado huyasoma, na yasipokuwepo, au yakiwa mabovu, saizi ndogo huonyesha mguu mmoja wa m ukiwa mnene na mwingine mwembamba. Mteja anapotuambia "kwenye simu ya bosi inapendeza, mnaweza kukabidhi", tunamjibu kwamba simu ya bosi ndiyo skrini rahisi kuliko zote. Tunajaribu pia kwenye simu ya bei nafuu yenye mwanga hafifu, ambapo tunaangalia kama I, l na 1 zinatofautiana, na kama O haijafanana na 0. Kwa namba ya siri au ya risiti, mkanganyiko huo ni hasara ya kweli.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mteja aliyewahi kutuuliza kabla halijamuuma: vipimo vya wima. Ndani ya faili la fonti mna seti tatu za namba zinazosema mstari uanzie wapi juu na uishie wapi chini, na mifumo tofauti husoma seti tofauti. Namba hizo zisipopatana, maandishi yaleyale hukaa juu ndani ya kitufe kwenye mfumo mmoja na chini kwenye mwingine. Kampuni moja iliyokuwa imekataa makadirio yetu ilituletea fonti iliyotengenezwa na mtu wa bei ya chini, ikiwa na tatizo hilohilo. Kabla ya kuja kwetu, watengenezaji programu wao walikuwa wamehangaika nalo kwa kusogeza kila kitufe pikseli moja au mbili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Tuliporekebisha namba ndani ya faili, vitufe vyote vilivyosogezwa vikashuka kwa pamoja. Ikabidi warudi kuyaondoa marekebisho yote, na walilipa mishahara ya kufanya kazi, kisha mishahara ya kuifuta. Ukijumlisha hiyo na malipo ya fonti ya kwanza, wamelipa zaidi ya makadirio waliyoyakataa.

Tarakimu nazo zina hadithi yao. Katika fonti ya kusomea, 1 huwa nyembamba kuliko 8, na ndivyo inavyopendeza ndani ya sentensi. Kwenye salio linalobadilika au safu ya hesabu, upana huo usiolingana huifanya namba iruke-ruke na mamia yasikae chini ya mamia. Kwa hiyo tunachora seti ya pili ya tarakimu zenye upana mmoja, na tunaiunganisha ili mtengenezaji programu aiite anapoihitaji. Mteja akituambia tuondoe "hizo namba za ziada" ili bei ishuke, tunamuuliza kwanza kama programu yake inaonyesha fedha.

Njia ya mkato tunayokutana nayo kuliko zote ni kuchukua fonti ya bure, kubadilisha herufi tano au sita na kuipa jina la kampuni. Kisheria fonti nyingi za bure ziko chini ya leseni ya SIL Open Font License, ambayo toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2007. Leseni hiyo inakuruhusu kabisa kuibadilisha. Ila ukiisambaza, iliyobadilishwa nayo lazima isambazwe chini ya leseni ileile, na kama mwenye fonti ya asili aliliwekea akiba jina la fonti, huruhusiwi kulitumia jina hilo. Maana yake fonti uliyoiita ya kampuni yako peke yako, mshindani wako akiipata kwa njia hiyo anaweza kuitumia, na huna la kumfanya. Kwa sanaa ni kama kumpelekea fundi koti la mtu mwingine abadilishe kola: mabega hayatakukaa. Zile herufi sita mpya zina unene na nafasi tofauti na wenzao, na jozi zilizotengenezwa kwa umbo la zamani zinabaki zikilivuta umbo jipya.

Fonti za kulipia zina mtego wake. Leseni ya kutumia kwenye kompyuta ya mchoraji mara nyingi si leseni ya kuweka kwenye tovuti wala ndani ya programu ya simu, na nyingi zinakataza kubadilisha chochote. Mteja wetu mmoja alinunua ile ya kompyuta, akampa kijana wa ofisini aigeuze kuwa WOFF2, muundo wa fonti za tovuti, kwa huduma ya bure ya mtandaoni. Kigeuzi kikapoteza jozi zote, tovuti ikajaa mapengo, na baadaye ikaja barua ya mwenye fonti akidai malipo ya matumizi ambayo hayakuwemo kwenye leseni. Wengine hununua uzito wa kawaida pekee na kuacha kivinjari kibuni uzito mzito. Kivinjari hakijui kuchora. Hupaka wino kandokando ya herufi, matundu ya e na a yakazibika, halafu tunaulizwa kwa nini vichwa vya habari vinaonekana vichafu.

Tangu Apple, Google, Microsoft na Adobe zilipotangaza kwa pamoja fonti badilifu, yaani faili moja lenye uzito wote, mwaka 2016, tunasikia pia: "Si ni faili moja tu? Basi itozwe kama moja." Ni faili moja kwa msomaji, na kweli hupunguza mzigo wa kupakua kama tovuti yako inatumia uzito mwingi. Kwetu, michoro ya nyembamba na ya nzito inapaswa kuwa na nukta zinazounda umbo za idadi ileile, kwa mpangilio uleule, zikianzia mahali palepale. Nukta moja ikianzia pasipo pake, herufi hujisokota inapobadilika uzito. Kazi inaongezeka.

Je, kila biashara inahitaji fonti yake? Hapana, na tumewarudisha wateja wengi kwa maneno hayohayo. Kama tovuti yako ina kurasa chache na wasomaji wa kiasi, nunua leseni nzuri ya fonti iliyopo, au tumia ya bure iliyotengenezwa vizuri bila kuigusa. IBM ilipoitoa fonti yake ya Plex mwaka 2017, iliiweka chini ya leseni huria, na ni kazi ya mafundi. Fonti yako mwenyewe huanza kulipa pale leseni inapotozwa kwa idadi ya watazamaji na watazamaji hao wanaongezeka. Netflix walipotengeneza Netflix Sans na studio ya Dalton Maag, wakaitangaza mwaka 2018, gharama za leseni zilikuwa miongoni mwa sababu walizozitaja waziwazi. Sababu ya pili ni lugha: kama wateja wako wanaandika kwa herufi ambazo fonti za dukani hazina, hapo hata biashara ndogo ina haja ya kweli.

Ukituomba makadirio, tuandikie mambo haya: lugha zote zitakazosomwa, hata zile za majina ya wateja tu, maandishi madogo kabisa yatakuwa saizi gani na kwenye vifaa vipi, uzito upi unatumika kweli, maana wengi huomba tisa wakatumia miwili, na kama kutakuwa na safu za namba. Tutumie pia kurasa kadhaa za maandishi yenu halisi, si ya kujazia. Nembo si lazima, na ikiwa ipo haitoshi, kwa kuwa herufi chache za nembo zilichorwa zikae kubwa na peke yake.

Malipo ni kwa awamu tatu: ya kwanza kabla ya kuanza, ya pili mkiidhinisha herufi za mwanzo pamoja na nafasi zake, ya mwisho baada ya majaribio kwenye vifaa vyenu. Mkikataa katika awamu ya pili, hamdaiwi ya tatu. Tunakabidhi mafaili ya tovuti, ya programu na ya kompyuta, na faili la chanzo, ili siku mkihitaji kuongeza lugha, fundi yeyote aweze kuendelea hata kama si sisi.