Kwa kaka yangu wa Toulouse, kuhusu lugha ya jikoni

Kaka,

Ujumbe wako kwenye kundi la familia nimeusoma, na ukoo mzima umeusoma, kwa hiyo na mimi nakujibu mbele za watu. Umeandika: "Nionyesheni kwanza Hugo wenu, ndipo niwafundishe wanangu lugha yenu." Yaani Kiswahili kisubiri kwanza kipate mwandishi mkubwa kama Victor Hugo wa Wafaransa. Kana kwamba hukuzaliwa chumba kile kile cha uani.

Sitakujibu kwa Muyaka wala kwa Shaaban Robert. Hao unawajua kwa moyo kunishinda, na kwenye harusi ya mdogo wetu ulighani mpaka akina mama wakakutunza. Nitakujibu kwa vitabu vyako, vile vya sanduku la bati, maana ni wewe uliyenifungulia.

Wewe ndiye uliyenieleza kwamba Kifaransa kilianza kama maneno ya watu wasiojua kusoma. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ya wanavijiji, kwa kuwa waumini Kilatini kilikuwa kimeshawapita. Mwaka 842, pale Strasbourg, mfalme Ludwig aliapa kwa lugha hiyo ya wanavijiji ili askari wa ndugu yake Charles wamwelewe. Hugo amezaliwa 1802. Hesabu mwenyewe karne zilizopita hapo katikati, kisha uniambie ni mama gani alisubiri Hugo azaliwe ndipo aongee na mwanawe.

Na Dante, yule mshairi wa Italia? Wewe ulinisomea Dante kabla sijajua Italia iko wapi kwenye ramani. Ulinifundisha kwamba alifukuzwa Firenze mwaka 1302, na huko uhamishoni akaanza kuandika kitabu cha kuitetea lugha ambayo mtoto huipata kwa kumwiga yaya, bila kanuni yoyote. Alisema hiyo ndiyo lugha bora zaidi. Aliliandika hilo kwa Kilatini ili wasomi wasipate pa kujifichia. Tena kulikuwa na mwalimu wa Bologna, Giovanni del Virgilio, aliyemtungia shairi la Kilatini la kumlaumu: mtu mwenye akili kama yako, unawatupiaje nguruwe lulu? Dante alimjibu kwa Kilatini safi, kwa heshima zote, akionyesha kwamba lugha hiyo anaiweza. Kisha akarudi kwenye shairi lake kubwa akalimalizia kwa lugha ile ile ya yaya, akafa Ravenna mwaka 1321. Uliponisimulia hayo ulikuwa umesimama, kaka. Ulishindwa kukaa. Nilikuwa msichana mdogo, na siku hiyo niliamua kwamba nitasoma lugha hizi mpaka nizifundishe, na leo ndicho kinachonilisha.

Sasa niambie imekuwaje ukawa del Virgilio.

Najua unajua ninakokwenda. Mama alikuwa amelazwa upande wa dirishani, homa imeshapungua. Mwanao amekaa ukingoni mwa kitanda. Mama akasema, "Mjukuu wangu, nipe maji." Yule mtoto akainuka, akajibu, "Haya bibi. Ya mtungini au ya chupa?" Kiswahili kilichonyooka, hakuna aliyemsaidia. Mama alicheka, na hukuwa umemsikia akicheka tangu ufike. Ukamkatiza kutoka mlangoni kwa Kifaransa, ukamwambia aseme vizuri. Hilo ningelimeza. Lakini baadaye ukageukia kwangu ukasema kwa Kiswahili, "Hiyo lugha ya jikoni itamharibia shule." Ulikuwa na Kifaransa cha kuniambia hayo, nami ningekuelewa. Ukachagua kusema kwa lugha ambayo mama anaisikia. Mtoto akaleta maji bila neno. Mama akanywa, akajifunika khanga mpaka kidevuni, na jioni hiyo hakuomba tena kitu chochote kwa mjukuu wake.

Kwa hilo sijakusamehe. Mengine yote nimekuachia, hata ya kuchelewa.

Kinachonichoma zaidi ni mahali unapoishi. Uko Toulouse! Mji wa washairi waliotunga kwa Kioksitani, lugha iliyokuwa ikiimbwa majumba makubwa kabla Kifaransa cha Paris hakijathubutu. Mwaka 1323 watu saba wa mji huo walianzisha chama cha kuitunza, na mwaka uliofuata mshairi aliyeshinda akazawadiwa ua la dhahabu. Halafu mfalme François wa Kwanza akatia sahihi amri ya Villers-Cotterêts, 1539, kwamba karatasi za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa. Karne ya 19 shule zikamalizia kazi: mtoto akisikika akitamka lugha ya kwao anapewa kitu cha aibu akibebe, mpaka amkamate mwenzake naye amrithishe. Leo vibao vya mitaa unayopita kwenda kazini vina majina mawili, la Kifaransa na la Kioksitani. Unavipita kila asubuhi.

Ulishawahi kunionyesha ile mistari minane ya Purgatorio, sehemu ya pili ya shairi kubwa la Dante, ambayo mfasiri wako wa Kifaransa aliiacha kama ilivyo. Humo Arnaut Daniel, mshairi wa Kioksitani, anatajwa kuwa fundi bora wa lugha ya mama, na anapofungua kinywa Dante hamlazimishi Kiitaliano. Anamwachia aseme Kioksitani chake ndani ya shairi la Kiitaliano. Kuna adabu gani kupita hiyo? Na inasimuliwa kwamba Joseph Roumanille, mtoto wa mtunza bustani wa Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, aliacha kutunga kwa Kifaransa akatunga kwa Kioksitani cha kwao kwa sababu mama yake hakuyaelewa mashairi yake. Mwanafunzi wake, Frédéric Mistral, alitunga kwa lugha hiyo hiyo ya mashambani akapewa Nobeli mwaka 1904. Roumanille alikuwa na mama asiyejua Kifaransa. Na wewe ulikuwa naye.

Hata Wahispania. Mwaka 1948 mtafiti Samuel Stern alionyesha kwamba katika baadhi ya mashairi ya kale ya Kiebrania ya Andalusia, Hispania ya Waislamu, mistari ya mwisho ilikuwa lugha ya mtaani, ndugu wa Kihispania, imeandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mingine ikapatikana kwa herufi za Kiarabu. Mara nyingi ni msichana anamlalamikia mama yake kuhusu mpenzi. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama na daftari lake la mchezo, majina ya wanachama kwa Kiswahili, herufi za Kiarabu. Daftari hilo ninalo mimi. Ulisema halina kazi.

Ushauri wangu ni mdogo. Kwa Kifaransa watoto wana shule nzima, wana mtaa, wana televisheni. Hakitakufa kwa sababu mmeongea Kiswahili mezani. Wifi hana kinyongo, ameniambia mwenyewe. Anza na chakula cha usiku tu.

Na usiendelee kuwaambia watu kwamba nilimfundisha mtoto kwa siri. Siri gani? Nilimtumia hadithi kwa sauti kupitia simu ya mama yake, kila Ijumaa, kwa sababu aliniuliza bibi anasema nini akimpigia. Mtoto amemuuliza shangazi yake, nikae kimya? Nilikuwa nikimgeuza mama kitandani kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikishika simu ili wasikilizane. Mimi sikumwambia neno baya juu yako wala juu ya Kifaransa. Ninakifundisha, nakipenda, na ni wewe uliyenipa.

Zile sauti sizifuti. Ukitaka zifutike, chukua simu uzifute wewe, na yeye akiuliza zimekwenda wapi, umjibu mwenyewe, kwa lugha yoyote utakayochagua.

Dada yako,
Tanga