Salamu za Shukrani: Mtoto Wetu Rubani Amenusurika

Alhamdulillah. Familia yetu ya Mbagala, Dar es Salaam, inamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumnusuru mtoto wetu, rubani, ambaye ndege yake ndogo aina ya Cessna ilipinduka ikitua kwenye kiwanja cha udongo karibu na Mloka, wilayani Rufiji. Magurudumu yalikwisha gusa ardhi. La mbele likazama kwenye tope, ndege ikabinuka tumbo juu, naye akabaki ananing'inia kwenye mikanda, kichwa chini, mafuta yakimchuruzikia.

Watu walihofia moto. Kijana mmoja wa bodaboda akapenya dirishani, akamshika shingo isicheze huku mwenzake akikata mikanda kwa panga. Kijana wa bodaboda, hukuuliza huyu ni wa nani. Mama yake anakuombea kila swala.

Kina mama wa kijijini wakatoa kanga zao kufungia mguu uliovunjika. Giza likaingia, na kwa kuwa kiwanja hakina taa, ndege ya kumfuata isingetua hadi asubuhi. Muuguzi wa zahanati akakataa mgonjwa alale pale. Akapanda naye nyuma ya gari la askari wa hifadhi, akashikilia dripu kwa mkono wake njia nzima ya mashimo mpaka Kibiti kwenye lami, na kutoka hapo mpaka Muhimbili. Dada, Mbagala ni kwenu.

Siku za chumba cha mahututi zilikuwa nzito. Mlango ukifunguka tu, roho inaruka. Leo anakaa, anakula, anauliza habari za abiria wake, ambaye naye, kwa rehema za Mola, alitoka na michubuko.

Shukrani ziwafikie madaktari na wauguzi wa Muhimbili, waliochangia damu, askari wa hifadhi, viongozi wa kijiji, marubani wenzake, masheikh na wachungaji waliotuombea, majirani, wana kikoba, waliotuma michango kwa simu, waliopika, waliokesha nasi.

Chanzo cha ajali kinachunguzwa na wataalamu wa serikali. Tunaomba asihukumiwe mtu kabla hawajamaliza.

Ambao hatukuwataja, tuwieni radhi sana. Wengine mlitusaidia usiku na hata sura zenu hatukuziona vizuri, na wengine mlipiga simu hatukuweza kupokea. Si dharau, ni kuchanganyikiwa. Msituweke moyoni, Mungu anawajua mmoja mmoja.

Dua ya shukrani itasomwa nyumbani Mbagala Ijumaa hii baada ya swala ya Alasiri. Karibuni nyote.