Mwanangu, kichwa kikianza tu, sema

Marangu, Januari

Mama yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza jana jioni, mimi, mama yako na mdogo wako, simu ikiwa katikati ya meza. Mama yako alifurahi. Mimi nilimwambia mdogo wako aurudie pale uliposema mnaondoka Salta, huko kaskazini mwa Ajentina, saa moja asubuhi kwenda kuona uwanda wa chumvi, na usiku mnarudi kulala Salta. Akaurudia mara tatu. Ndipo nikachukua karatasi. Ataipiga picha akutumie, maana nikiyasema haya kwenye simu utacheka na kuniambia, "Baba, hofu zako."

Nimetazama ramani. Salta iko mita 1,150 hivi. Gari litafuata bonde la Toro, mtapita kilele cha barabara, Abra Blanca, kwenye mita 4,080, mtateremka mji wa San Antonio de los Cobres, 3,775, mle hapo, ndipo mwende kwenye chumvi yenyewe, Salinas Grandes, mita 3,450. Jioni mnapanda tena hadi 4,170 kabla ya kuzishuka kona za barabara ya Lipán kwenda mji wa Purmamarca. Yote hayo siku moja. Mimi nimefanya kazi ya mlima huu wetu wa Kilimanjaro miaka ishirini na moja. Geti letu liko mita 1,879. Siku ya kwanza mgeni analala kambi ya Mandara, 2,720. Siku ya pili Horombo, 3,720, na mwenye akili analala hapo usiku mwingine ili mwili uzoee, ndipo aguse Kibo, kambi ya mwisho. Wewe utakuwa umeipita Horombo kwa kimo kabla ya chakula cha mchana, tena umekaa kwenye kiti. Kiti hakichoshi miguu, na hiyo ndiyo hatari yake. Anayepanda kwa miguu, pumzi humwambia alipofika. Wa kwenye gari hana wa kumwambia.

Umesema wewe ni Mchaga, umezaliwa mlimani, Waajentina ndio waogope. Mwanangu, kihamba chetu, shamba hili la nyumbani, hakifiki hata mita 1,600. Hiyo si kinga ya mita 4,000, na hata ingekuwa, umekaa Buenos Aires miaka miwili, mji ulio karibu sawa na bahari. Mwili husahau. Nimeona vijana wa hapa hapa, wenye miguu kama ya ng'ombe wa jembe, wamerudi kutoka kazi ya Dar es Salaam na kupanda na mizigo wiki hiyo hiyo, wakaanguka. Mlima haukuulizi ukoo. Kule Lipán hewa unayoivuta ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani, kwa Mchaga na kwa Mjerumani.

Kwa hiyo sikiliza. Kichwa kikianza kuuma, sema. Usingoje maumivu yazidi. Kikianza tu, sema. Mwambie kiongozi, mwambie dereva, mwambie mwenzako wa kiti cha pembeni. Kichefuchefu, sema. Chakula kikikukinaisha, sema. Wenyeji wa huko wanauita ugonjwa huo puna, wanaujua kama sisi tunavyoujua, hakuna atakayekushangaa. Na ujue kwamba mara nyingi hauji pale pale. Unakuja saa kadhaa baadaye, kwa hiyo Abra Blanca unaweza kuipita unaimba na ukashikwa kwenye chumvi, wakati wote wanapiga picha na wewe hutaki kuwaharibia siku. Ninakujua. Hapo ndipo utakaponyamaza.

Mtu akianza kuyumba kama amelewa, au kukohoa povu, au kuhema huku amekaa, hapo hakuna kujadiliana, ni kushuka. Dawa ya kimo ni kushuka. Lakini nimeikagua hiyo njia yenu na kuna jambo limeninyima usingizi: ukiwa kwenye chumvi huwezi kushuka moja kwa moja. Purmamarca unaipata kwa kupanda kwanza Lipán, 4,170. Ukirudi mlikotoka, unapanda kwanza Abra Blanca, 4,080. Kwetu mgonjwa wa Kibo tunamgeuza tu, kila hatua ni ya kuteremka. Kule mmekaa kama kwenye sahani yenye kingo. Ndiyo maana nakuambia useme mapema, mkiwa bado San Antonio, ambako kuna watu na mji, usiseme ukiwa katikati ya weupe.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye gari kama anabeba mtungi wa oksijeni, na muulize dereva ni mmoja au wawili. Dereva mmoja kutoka saa moja asubuhi hadi usiku, akizishusha zile kona jioni amechoka, huyo naye mkae naye mkimsemesha. Na huu ni mwezi wa mvua kwao. Nimesikia unavyoshangilia kwamba mvua hufanya chumvi iwe kioo, mbingu juu na mbingu chini, na mimi ningependa kuiona kabla sijafa. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo inayoangusha matope barabarani kwenye bonde la Toro. Wakikuambia njia imefungwa, msibishane nao.

Sasa hili. Lala kwanza Purmamarca, au Tilcara, 2,465, usiku mbili, halafu panda. Utakuwa umekaribia nusu ya njia kwa kimo na mwili umeshajipanga. Umesema fedha haitoshi. Nimemuuza yule beberu mwenye doa. Nilikuwa nimemweka kwa ajili ya jambo lingine, si kitu. Fedha itaingia Jumatano. Usinitumie jibu la kuninyima, maana ameshaondoka na mwenyewe, harudi.

Juu ya majani ya koka. Watakupa, na kwao si kosa, sheria yao ya 1989 inaruhusu kutafuna na kuchemsha kama chai. Sitakukataza. Ila jani halileti hewa kifuani, usije ukatafuna ukajiona umepona na kunyamaza. Na jani hata moja lisibaki kwenye mkoba wala mfuko wa koti siku unaporudi nyumbani, maana hapa ni dawa za kulevya na uwanja wa ndege hawatakusikiliza.

Miwani ya jua nunua ya kweli. Chumvi hurudisha mwanga kama barafu ya kileleni, unakuchoma kutoka chini, kidevuni, ndani ya pua. Usidanganywe na weusi wetu. Wanaovuna chumvi pale hufunika uso wote kwa vitambaa, wanabaki macho, na macho wanayakinga. Wanachonga mabwawa ya mstatili, maji ya chini yanapanda, jua linayakausha, wanakusanya. Watakuonyesha pia macho ya chumvi, yale matundu yenye maji ya samawati. Usikanyage ukingoni kwa ajili ya picha. Tembea alipokanyaga kijana wa kijijini atakayewapokea. Na huyo mpe bahshishi yake mkononi, usimpe kiongozi wa gari ampelekee. Ninajua bahshishi inavyopungua njiani.

Nimesoma kwamba watu hao, Wakolla na Waatacama, wanawindwa na kampuni zinazotaka madini ya litiamu yaliyo chini ya chumvi, na mwaka 2015 waliandika utaratibu wao wenyewe wa kuulizwa kwanza, wakauita Kachi Yupi, nyayo za chumvi. Wanachogombea ni maji. Nikamwelewa kila mmoja wao. Jumamosi tumeshinda kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, banio limebomoka tena, na nyumba zilizotoa mtu zilikuwa kumi na moja kati ya thelathini. Waliotoka mijini kwa Krismasi walikuwa bado wapo, wamekaa na viti vyao barazani. Maji wanayatumia, jembe hawalijui. Wewe Krismasi hukuja pia, ingawa najua nauli ya kutoka huko ni bei ya ng'ombe wawili. Mama yako alikuwekea ndizi za mshale mpaka zikaiva.

Nirudi kwenye jambo langu. Mwaka jana ulilazwa. Sisi tulijua baada ya wiki mbili, tena kutoka kwa mtoto wa jirani ambaye mnaandikiana. Nilipokuuliza ulisema, "Nilijikaza, Baba, sikutaka kuwasumbua." Nilikaa na neno hilo kwenye banda la ng'ombe mpaka giza likaingia. Najua ulilipata wapi. Horombo sitaisimulia, ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na tano na uliniambia mara mbili.

Kulikuwa na kijana mmoja mgumu, ndivyo tunavyojiita tunaobeba, miaka mingi kabla yako hujapanda. Msimu wake wa kwanza. Mimi nilikuwa msaidizi wa kiongozi. Tulifika Kibo, akakaa kwenye jiwe, nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Niko poa." Nilimwona usoni kwamba hayuko poa. Lakini mizigo ilikuwa mingi na watu wachache, na neno lake lilinifaa. Usiku tulimfunga kwenye machela ya gurudumu moja, tukakimbia naye kwenye mawe. Horombo tulifika naye, yeye hakufika. Mama yake yuko hai. Hupita hapa siku za soko, na mimi humwekea mkungu mmoja pembeni, naye huuchukua, hatusemi kitu.

Niliyajua hayo siku ile ninakuambia wewe ujikaze. Basi.

Uliniandikia pia kwamba Salta utapita makumbusho ya wale watoto watatu wa mlima Llullaillaco, waliopatikana mwaka 1999 kwenye mita 6,739, wamehifadhiwa na baridi, nywele bado zimesukwa. Binti wa miaka kumi na mitano hivi na wadogo wawili. Nimesoma kwamba Wainka, watawala wa zamani wa huko, waliwapandisha, wakawapa koka na pombe ya mahindi, wakawaacha walale. Miaka mia tano wamekaa pale kwa utulivu. Mama yako hakutaka nimsomee hadi mwisho. Mimi nilimaliza, nikarudia pale paliposema walipanda kwa miguu yao. Walipanda kwa sababu wakubwa waliwaambia wapande. Wewe uingie, uwatazame kwa heshima, usipige picha.

Sijasema usiende. Nataka uende. Nilipowaambia wazee wa kanisa kwamba binti yangu anaenda kwenye milima ya Andes, tena kwa fedha aliyoipata kwa kufundisha Kiingereza jioni, mmoja aliniuliza ni milima mirefu kuliko wetu? Nikamwambia mingi ni mirefu kuliko wetu. Akanyamaza. Nilifurahi zaidi kuliko nilivyoonyesha. Wewe ni wa kwanza katika nyumba hii kupanda mlima kwa kulipa badala ya kulipwa.

Mengine ya hapa. Mdogo wako ameitwa kidato cha kwanza, bweni. Orodha ni ndefu: godoro, ndoo mbili, fyekeo, rimu ya karatasi, na viatu vyeusi ambavyo amevikataa vyako vya zamani, anasema ni vya kike. Tutaona. Akienda sijui nani atanipigia picha barua, kwa hiyo ananifundisha, na mkono wangu unatetemeka mpaka maandishi yanafifia. Goti la mama yako limerudi tena, lakini hataki kwenda hospitali. Naye hasemi, sasa naona mnafanana wote na mimi ndiye mwalimu. Ng'ombe mweusi atazaa mwezi ujao. Majani tunayanunua kutoka chini tambarare, mzigo umepanda bei. Kahawa imelipwa nusu.

Mama yako anauliza kama unaweza kuleta chumvi ya huko kidogo. Nimemwambia kiburu chake, ndizi na maharage, hakihitaji chumvi ya Ajentina, kinahitaji magadi yaliyokwisha tangu Jumapili. Amesema nikuandikie hata hivyo. Leta ya kununuliwa, yenye karatasi, usibandue chini.

Mkifika Purmamarca mtakuwa mmeshashuka, na hapo ndipo nitakapopumua. Hapo niandikie neno moja tu, "tumeshuka". Kwenu itakuwa jioni, kwetu ni saa sita mbele, usiku mkubwa. Usiseme umeogopa kuniamsha. Umeme siku hizi unakatika saa mbili, kwa hiyo mdogo wako ataichaji simu mchana na nitaiweka mezani kando ya kandili, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Na kama kichwa kinauma, usiandike kwamba hakiumi.

Mimi baba yako